Kila ninayemfundisha kazi ya kanisa anaondoka. Nifanyeje?

Mama wa Ngoma, Kyangwali

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mama wa miaka 49, naishi Kyangwali, kambi ya wakimbizi hapa Uganda, upande wa Maratatu. Nilivuka Ziwa Albert mwezi wa pili mwaka 2018 kutoka Tchomia, Kongo, tukashukia Sebagoro pamoja na maelfu ya wengine wa Ituri. Waliofika siku zile wanakumbuka kipindupindu kilivyotupokea kabla hata hatujapata pa kulala. Kanisa letu tulilianza mwaka ule ule, watu kumi na mmoja chini ya turubai. Leo Jumapili ikiwa njema tunafika sabini na kitu, watoto sijawahesabu. Kuta ni miti na udongo, juu mabati tuliyonunua moja moja. Ni kanisa la misheni. Kanisa mama liko mjini, na viongozi wake wanatufikia mara mbili au tatu kwa mwaka, barabara ikikubali.

Shule ya Biblia sijasoma. Kazi yangu ilikuwa ngoma na kwaya ya akina mama, basi. Mwaka 2024 mchungaji wetu alipata safari ya kwenda nchi ya tatu, yaani kuhamishiwa ng'ambo, na familia yake. Usiku wa kuagana wazee walinipa ufunguo wa sanduku. Ndani mna daftari la sadaka, vikombe vya meza ya Bwana, kitambaa cheupe na muhuri. Wakaniambia, "Mama, shika kwa muda, tutatafuta mtu." Muda wenyewe ndio huu ninaowaandikia.

Nieleze shida yenyewe. Watu wetu hawakai. Tangu 2018 nimefundisha wapiga ngoma watano. Wa kwanza alikwenda Kanada, wa pili na wa tatu Marekani, wa nne alirudi Kongo kutafuta shamba la baba yake na hatujasikia sauti yake tena, wa tano yuko Kampala anabeba mizigo sokoni, kwa sababu mwaka 2023 walipotugawa makundi matatu ya mgao wa chakula, nyumba yao iliwekwa kwenye kundi lisilopata kitu. Wahazini tumekuwa nao wanne. Kijana wa gita, yule aliyefunga nyuzi za breki ya baiskeli gita likaimba kuliko la dukani, alipanda basi alfajiri na gita tukaachiwa. Linaning'inia ukutani. Hakuna anayejua kuliweka sawa.

Ngoma kwetu haifundishwi kwa siku moja. Mtoto namweka mbele ya jerikeni ya lita 20 iliyopinduliwa. Majuma mawili ya kwanza haigusi ngoma. Anajifunza mkono wa kushoto utembee bila kuchoka, halafu ule wa kulia ndio uongee. Baadaye namfundisha kuianika ngozi juani au karibu na jiko kabla ya ibada, maana umande wa asubuhi unailegeza, na ngozi iliyolegea ukiipiga inajibu kama gunia. Miezi mitatu, minne, ndipo anaweza kubeba wimbo mzima na kwaya ikamfuata. Na mara tu anapoweza, jina lake linabandikwa ubaoni kati ya wanaosafiri.

Sisemi wasiende. Mimi mwenyewe nawaombea wapate. Lakini nikirudi nyumbani kutoka kuwasindikiza nakaa kitandani sina nguvu ya kuchukua jerikeni tena nianze na mwingine.

Kuna jambo lililonivunja zaidi, nalo ni la daftari. Mama mhazini wetu wa pili alisoma Kongo. Moja yake aliiandika kama tulivyofundishwa kule, na mkia mrefu unaoteremka mbele, na saba yake aliikata kwa kistari katikati. Kijana aliyempokea amesoma hapa Uganda. Kwake moja ni fimbo iliyosimama, saba haina kistari. Mama aliondoka Jumanne, kijana akakabidhiwa daftari Jumapili, wala hawakuwahi kuketi pamoja hata saa moja. Tulipofunga hesabu ya sadaka ya mavuno, kijana akaisoma 12,000 ya mama kuwa 72,000. Sandukuni zikakosekana 60,000. Kwa kanisa kama letu shilingi 60,000 ni mabati mawili na misumari.

Wazee walimweka kikao mara tatu. Mara ya tatu mama yake alikuja akasimama mlangoni, hakuingia, hakusema. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo, nami pia nilianza kumtazama yule mtoto kwa jicho lingine. Usiku mmoja nikalifungua daftari kwenye taa ya sola nikapitia saba zote za yule mama, ukurasa kwa ukurasa. Kila saba ilikuwa na kistari. Ile aliyoisoma kijana kuwa saba haikuwa nacho. Nilitoka saa ile ile kwenda kwao, nikapiga hodi wamelala. Wazee walimwomba msamaha mbele ya kanisa, naye akasema amesamehe. Lakini alikaa miezi miwili bila kuja, na hata sasa anapokuja, kikapu cha sadaka kikipita anatia chake bila kukishika, kama kitu cha moto.

La mwisho. Kuna dada yetu aliyekuwa anaanzisha nyimbo kwenye kwaya. Mwisho wa 2024 alipata tarehe ya ndege. Akauza mbuzi, akagawa masufuria, tukamfanyia maombi ya kumuaga, tukalia wote. Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi. Amerudi kwenye kiwanja chake kile kile cha mita 30 kwa 30, hana hata mwiko. Kanisani anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Nafasi yake nilishampa binti mwingine, naye anaifanya vizuri. Nikimrudishia, namvunja binti. Nikimwacha pale nyuma, kila Jumapili naona mgongo wake ukitoka kabla ya baraka.

Wenye kutumika kwenye makanisa madogo kama haya, nisaidieni. Niendelee kufundisha mmoja mmoja hivi? Na huyu dada nimshike vipi?

---

Mzee wa Nakivale

Mama yangu, shikamoo ya kazi, na pole sana. Nimesoma habari yako mara mbili, ya pili nikamsomea mke wangu kwa sauti. Akasema, "Huyu anaandika habari zetu."

Mimi niko Nakivale tangu 2003, nimetokea Kivu ya Kusini. Kanisa ninalotumika limebadilisha watu karibu wote mara tatu. Ukiniuliza waliokuwapo tulipochimba msingi, tumebaki mimi, mke wangu na mzee mmoja kipofu.

Kosa letu sisi lilikuwa lile lile lako, tena tulilifanya kwa miaka. Tulifundisha mtu kazi tukamwachia kazi, tukashukuru kwamba sasa tumepumzika. Akiondoka, kazi inaondoka naye. Tulibadilisha mwaka 2012 baada ya kupoteza wapiga kinanda wawili ndani ya miezi mitatu. Tangu hapo hakuna mtu kwetu anayeshika kazi peke yake. Wanaanza watatu, na mkubwa wao hahesabiwi kuwa amejua mpaka awe amemfundisha mdogo mbele yetu. Paulo alimwambia Timotheo hivyo hivyo katika barua ya pili, sura ya pili: uliyosikia kwangu uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha wengine. Hesabu mwenyewe mikono iliyomo katika mstari ule. Ni minne.

Kwa hiyo jerikeni moja haitoshi, mama. Tafuta tatu. Na usiwafundishe wewe peke yako. Kaa kando umwache huyo anayejua nusu amfundishe asiyejua kitu. Ataharibu. Mwache aharibu, wewe rekebisha baadaye. Mwanzoni moyo wangu uliniuma kusikia kinanda kikipigwa ovyo mbele ya wageni, lakini leo nikifa kesho kinanda hakikosi mtu.

Daftari vilevile. Watu wawili wahesabu, watu wawili waandike, na kiasi kiandikwe kwa maneno pembeni ya tarakimu. "Elfu kumi na mbili" haiwezi kusomeka elfu sabini na mbili, hata ukiwa umesomea mwezini. Na mhazini anayeondoka asipande basi kabla hajapitia daftari lote na anayempokea, mstari kwa mstari, mbele ya mzee mmoja. Nasi tulijifunza hili kwa machozi, sitaeleza yote.

Jambo la tatu ni huko kuagana kwenu. Umesema mlifanya maombi ya kumuaga. Sisi tuliacha kuita hivyo. Tunasema tunawatuma. Kanisa la Antiokia lilikuwa na manabii na waalimu watano wanaotajwa kwa majina katika Matendo 13, na Roho akawataka wawili, tena Barnaba na Sauli, ndio waliobeba kazi. Walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaacha waende. Sisi tunamwekea mikono mpiga ngoma anayekwenda Kanada, tunamwambia ngoma hii ni ya kanisa, nenda ukaifundishe huko. Sikuambii hili ni dawa ya upweke wako wa usiku ule. Lakini lilibadilisha uso wa kanisa siku ya basi.

Umekumbuka pia mwaka 2020? Mwezi wa tatu nyumba za ibada zilifungwa nchi nzima, zikafunguliwa mwezi wa tisa kwa watu 70 tu, na Juni 2021 zikafungwa tena. Nakuuliza, kanisa lako lilifanya nini miezi ile? Mimi nina hakika halikufa, kwa sababu leo lipo. Mliishi kwa njia fulani. Itafute njia ile, iko ndani ya nyumba zenu bado.

---

Amooti wa Hoima

Mama, mimi si mkimbizi. Ni Mnyoro wa hapa Hoima, msomaji wa kanisa, na Kiswahili nilikipata kwa baba yangu aliyekuwa askari. Nitasema kitu ambacho huenda wengine hapa hawatakipenda, lakini nakisema kwa upendo.

Katika habari yako ndefu sijaona jirani yako Mnyoro hata mmoja. Umetaja Kanada, umetaja Marekani, umetaja Kampala. Wale wanaolima mpakani na kambi, wanaouza sabuni pale senta, wanaochota maji kwenye bomba moja na wewe, wao hawana tarehe ya ndege. Hawaondoki. Kwa nini hakuna mtoto wao kwenye jerikeni yako?

Najua Wanyoro wengi wana makanisa yao. Lakini wapo wasio na mahali, na wengine wanapita mlangoni kwenu kila Jumapili wakisikia ngoma. Hawaingii kwa sababu kila kitu ni Kiswahili, na Kiswahili kwa wazee wetu ni lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. Mkianza kuwasalimu kwa mpaako zao, yale majina yetu ya heshima na upendo, mtashangaa. Mnyoro ukimwita Akiiki au Abwooli, umeshaingia sebuleni. Ukimwita "wewe mama" umebaki barabarani. Weka somo moja la Biblia lisomwe kwa Kinyoro, wimbo mmoja, salamu. Anza hapo.

Na nikukumbushe habari moja ambayo ni yenu kuliko yetu. Apolo Kivebulaya, mhubiri wa Injili, alikuwa Muganda. Mwaka 1896 alivuka milima kwenda Boga, ambako leo ni Ituri, nchi yenu. Hakuwa na kwao pale. Alipigwa, akashtakiwa kwa kifo cha dada wa mtawala, akaletwa Toro akiwa mfungwa. Akarudi. Baadaye aliitwa kutumika Toro miaka mingi, akarudi tena Boga, akafia huko mwaka 1933 baada ya kuwa mzee, na yule mtawala Tabaro aliyemtesa alikuwa amebatizwa. Wakoloni walipokata mpaka, Boga ikaangukia Kongo, lakini kanisa lile liliendelea kuwa jimbo moja na Uganda hadi 1980. Nawaona watu wa Boga leo wameketi kwenye makanisa ya Kyangwali. Injili ilitoka kwetu ikaenda kwenu kwa miguu ya mtu mmoja, imerudi kwa mitumbwi. Sasa mmeiketisha kwenye uzio wa lugha yenu?

Samahani kama nimekuwa mkali.

---

Mama wa Ngoma, Kyangwali

Mzee wangu wa Nakivale, nimekusikia. Ya maneno pembeni ya tarakimu tumeanza Jumapili hii hii.

Ndugu Amooti, asante, si ukali, ni ukweli. Lakini niruhusu nikueleze kitu kuhusu hicho Kiswahili.

Kanisani kwetu wamekaa Wahema, Walendu, Waalur na wengineo. Unajua tulikimbia nini. Wapo mama wawili wanaokaa benchi moja ambao nyumba zao zilichomwa na watu wa upande wa mwenzake. Mwaka wa kwanza mtu mmoja alianza kuomba kwa lugha ya nyumbani. Hakuwa na ubaya, alikuwa anamlilia mtoto wake. Lakini nusu ya kanisa walisimama wakatoka nje kama mtu aliyesikia risasi. Tangu siku ile tuliamua kwamba ndani ya zile kuta ni Kiswahili tu, kwa sababu kati yetu Kiswahili hakina kabila. Hakikumchoma mtu nyumba. Kwa hiyo ukisema uzio, ni kweli ni uzio, lakini kuna kilichokuwa kinalindwa.

Hata hivyo sikulala. Kwa sababu Kinyoro nacho hakikumchomea mtu wetu nyumba. Na mama zetu Wahema wanakisikia karibu chote, maneno yanafanana na yao. Hofu yangu ni hiyo: Walendu wasije wakasema lugha ya wenzao imeingia kwa mlango wa nyuma. Unaelewa? Nahitaji kutembea polepole.

---

Amooti wa Hoima

Nimeelewa, mama. Sikujua, nakuomba msamaha. Basi usianze na mimbari. Anza na ngoma. Ngoma haina kabila wala haina lugha.

Na ya Kiswahili nakubali nilikisema vibaya. Hata Buganda wasomaji wa kwanza walisoma Injili kwa Kiswahili kabla haijawekwa kwa Kiganda. Wamisionari wa mwaka 1877, na mwenzao Mackay aliyefika mwaka uliofuata, walianza kufundisha kwa Kiswahili kwa sababu ndicho walichokuwa nacho mkononi, na vijana wa ikulu walikuwa wamekizoea kwa wafanyabiashara wa pwani. Biblia nzima ya Kiganda ikaja 1896. Karibu miaka ishirini. Kwa hiyo polepole yako ina wazee wake.

---

Benchi la Nyuma, Rwamwanja

Shikamoo mama. Mimi nina miaka 27. Sipendi kuandika sana, lakini yule dada wa benchi la mwisho ni mimi, tofauti ni kwamba mimi ni mwanaume na nilikuwa napiga besi.

Ndege yangu ilikuwa mwezi wa pili 2025. Nilishagawa godoro. Nilirudi kulala juu ya mkeka kwenye nyumba niliyokwisha kumwachia binamu, nikawa mgeni wake.

Kilichoniumiza kanisani hakikuwa nafasi yangu kuchukuliwa. Mtu akienda lazima mwingine ashike, hilo najua. Kilichoniumiza ni salamu. Kila mtu ananiuliza, "Bado upo?" Au, "Kuna habari yoyote?" Mimi nikawa habari, sikuwa mtu tena. Ndiyo maana natoka kabla ya baraka. Baada ya baraka ndipo watu wanasalimiana.

Kilichonirudisha ni mzee mmoja wa kanisa ambaye hakuniuliza chochote. Alikuja asubuhi na majembe mawili na mbegu ya maharage kwenye mfuko wa sukari. Akasema, "Twende, mvua itatuacha." Tulilima siku nne. Siku ya tano akaniambia kuna mtoto anayejaribu gita lakini hasikii kamba ya tano imeteremka, twende ukamsikilizie sikio. Sikurudishiwa besi. Nilipewa sikio la mtoto. Nilikaa naye, na mtoto sasa anasikia.

Mama, mpelekee sufuria. Si la msaada, la kuazima, aje alirudishe, umpe sababu ya kuja kwako. Na usimuulize habari ya ndege. Binti anayeanzisha nyimbo sasa, mwambie amfuate dada mwenyewe amwulize wimbo fulani unaanzia wapi. Si wewe umwambie dada. Binti aende kwa miguu yake.

Na watu wa kwaya waambie kimya kimya waache "bado upo."

---

Mzee wa Nakivale

Mwanangu wa Rwamwanja, umenifundisha. Nimewauliza watu hilo neno "bado upo" mara nyingi nikidhani ni upendo.

Mama, niongeze moja tu. Yeremia aliwaandikia waliokuwa uhamishoni Babeli, sura ya 29, wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waozeshe watoto wao, wauombee amani mji ule. Na aliwaambia wazi kwamba watakaa miaka sabini. Wengi wao hawakurudi, lakini bustani ilipandwa. Sisi kila mwaka tulikuwa tunasema tusipande miti ya matunda kiwanjani pa kanisa kwa sababu hatujui kama tutakuwapo. Mwaka 2015 tukapanda maembe sita. Waliopanda wamekwenda wote isipokuwa yule kipofu na sisi wawili. Watoto wanaokula yale maembe hawawajui.

---

Mama wa Ngoma, Kyangwali

Wapendwa, nimerudi baada ya majuma sita. Niwape habari kama nilivyowaahidi moyoni.

Mzee, uliniuliza tulifanya nini 2020. Niliwauliza akina mama, wakanikumbusha. Tuligawana nyumba saba, kila nyumba na Biblia moja na mtu wa kuanzisha wimbo. Ngoma ilikuwa imefungiwa kanisani, kwa hiyo kila nyumba ilipiga kile ilichokuwa nacho, beseni, jerikeni, mbao. Zilipofunguliwa nyumba za ibada tulirudi wote kwenye ngoma moja na mpiga ngoma mmoja, tukafurahi, tukasahau. Tulikuwa na wapiga ngoma saba tukawatupa bila kujua. Wawili kati yao bado wapo. Mmoja ni mama wa miaka 60 aliyeniambia, "Hukuniuliza."

Sasa jerikeni ni tatu. Yule mama wa miaka 60 anakaa ya kwanza na yeye ndiye mwalimu, mimi nakaa kando kama ulivyosema. Ni kazi ngumu kukaa kando, mzee. Mikono yangu inacheza yenyewe juu ya magoti. Ya pili ni kijana wetu wa Kilendu wa miaka 14. Ya tatu ni binti wa Kinyoro wa pale senta. Mama yake anauza samaki kavu, nami nilijifunza kumwita Adyeri kabla ya kumwambia chochote kingine, asante Amooti. Binti anahesabu mapigo kwa sauti: emu, ibiri, isatu, ina. Juzi nikamsikia yule kijana wa Kilendu naye anahesabu hivyo hivyo, hata hakujua kuwa anafanya hivyo. Wazee walinitazama. Nikanyamaza. Hakuna aliyetoka nje.

Dada wa benchi la nyuma nilimwazima sufuria. Alilirudisha siku ya pili, limesuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa, tukakaa tukachambua maharage, hatukutaja ndege. Binti wa kwaya alikwenda kwake mwenyewe mara moja, kisha mara nyingine. Jumapili iliyopita bado alikaa nyuma, lakini baraka ilimkuta ndani. Kwa sasa nashukuru hapo.

Kanisa mama wametutumia ujumbe kwamba huenda mwaka ujao atakuja mtumishi kijana aliyemaliza shule ya Biblia. Zamani ningesema asante Mungu, nimpe ufunguo nilale. Sasa nimewaambia wazee akija tukae naye miezi mitatu pamoja, daftari na sanduku na kila nyumba, ndipo nikabidhi.

Na yule kijana wa hesabu. Sikumwomba arudi kwenye fedha. Nilimwomba jambo moja tu, anisaidie kununua daftari jipya senta, kwa sababu la zamani limejaa. Alilinunua. Jumatano jioni alikuja nalo nyumbani, akakaa kwenye kigoda nje, akaufungua ukurasa wa kwanza akaandika tarakimu zote kutoka sifuri hadi tisa kwa kalamu ya bluu, kubwa kubwa, moja bila mkia, saba na kistari. Akaniambia kila atakayeandika humu ataandika hivi. Kisha akanipa kalamu nami niandike za kwangu chini ya zake.